Betri ya Moyo Si Kitu cha Kuwekwa na Kusahauliwa

Mwaka jana alifika ofisini kwetu mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye baadhi yetu tulifundishwa naye hesabu miaka mingi iliyopita. Ofisi yetu iko ghorofani. Tulimsikia akipanda ngazi, akisimama, akipanda tena. Na alipoingia hakuweza kuitikia shikamoo zetu mpaka alipokaa na pumzi zikamrudia. Miaka miwili kabla ya hapo mzee huyu alikuwa na maradhi ya kuzimia ghafla. Mara moja alianguka msikitini katikati ya sala, mara nyingine sokoni, na madaktari wakagundua kwamba moyo wake ulikuwa ukinyamaza kwa sekunde kadhaa kabla ya kupiga tena. Alipelekwa katika hospitali moja kubwa, akawekewa chini ya ngozi ya kifua kile kifaa ambacho wananchi wengi hukiita betri ya moyo. Tangu siku hiyo hakuzimia tena. Lakini polepole yakaingia mambo mengine: pumzi fupi, miguu kuvimba jioni, na usiku asiweze kulala ila kwa kuegemea mito mitatu.

"Wanangu," alituambia, "betri ni mpya. Mbona mwenye betri ndiye anayechakaa?"

Swali hili la Mwalimu ndilo lililotusukuma kuandika makala haya. Watu wengi, wala si wale wasiosoma tu, hudhani kwamba betri ya moyo ni kama taa: ama inawaka, ama imezimika, na maadamu inawaka, mgonjwa hana la kuuliza. La hasha. Kifaa hiki hupangwa, na namna kinavyopangwa ndiyo inayoamua kama moyo utasukuma damu ipasavyo, au utachoshwa na msaada ule ule uliokusudiwa kuuokoa.

Jinsi moyo unavyojiendesha

Yafaa kwanza tukumbushane namna moyo mzima unavyofanya kazi. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na mara 100 kwa dakika. Tukichukua mapigo 70, basi kwa siku moja ni zaidi ya mapigo 100,000. Na kila pigo hutoa kiasi cha mililita 70 za damu, yaani takriban lita tano kila dakika. Kazi hii yote huongozwa na umeme mdogo ambao moyo hujitengenezea wenyewe. Umeme huo huanzia katika kituo kidogo kilicho kwenye chumba cha juu cha kulia, husambaa katika vyumba viwili vya juu, navyo vikajikamua. Kisha hufika katika kituo cha pili, kilicho mpakani mwa vyumba vya juu na vyumba vya chini. Hapo umeme huzuiliwa kidogo. Tangu vyumba vya juu vipate umeme mpaka vya chini navyo vipate, hupita kati ya milisekunde 120 na 200, yaani sehemu ya nane hadi sehemu ya tano ya sekunde moja.

Kungoja huko kuna hekima kubwa. Ndiyo nafasi ambayo vyumba vya juu huipata ya kumimina damu ya mwisho katika vyumba vya chini kabla milango haijafungwa. Damu hiyo ya mwisho yaweza kufikia sehemu ya tano ya damu yote itakayosukumwa, na kwa moyo uliokwisha dhoofika ndiyo inayotenganisha mtu wa kutembea na mtu wa kulala kitandani. Baada ya hapo umeme hushuka kwa njia zake maalumu, ambazo ni mithili ya barabara kuu ndani ya misuli, na kuvifikia vyumba vyote viwili vya chini kwa pamoja, katika muda wa sehemu ya kumi ya sekunde hivi.

Wasomaji wetu wa pwani wamewaona wavuvi wakivuta juya. Watu hujipanga pande mbili, kila upande na kamba yake, na mmoja hutoa sauti ili wote wavute kwa pamoja. Upande mmoja ukitangulia na mwingine ukachelewa, nguvu zilizotumika ni zile zile, jasho ni lile lile, lakini juya huenda upande na samaki hupenya. Moyo nao ni hivyo hivyo. Hautoshi kuwa na nguvu. Sharti pande zake zivute kwa wakati mmoja.

Kutoka kopo la rangi ya viatu

Betri ya kwanza kuwekwa ndani ya mwili wa binadamu iliwekwa tarehe 8 Oktoba, 1958, katika hospitali ya Karolinska nchini Sweden. Daktari mpasuaji alikuwa Åke Senning, na aliyekitengeneza kifaa alikuwa mhandisi Rune Elmqvist, ambaye alitumia kopo la rangi ya viatu kuwa kalibu yake. Kifaa hicho kilidumu kwa saa chache tu. Mgonjwa, Arne Larsson, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 43, aliwekewa kingine, na baada ya hicho vingine zaidi ya 20 katika maisha yake. Alifariki mwaka 2001 akiwa na umri wa miaka 86, daktari wake na mhandisi wake wakiwa wamekwisha tangulia.

Vifaa vya mwanzo vilikuwa kama kiziwi apigaye ngoma. Vilipiga kwa mwendo ule ule mmoja, moyo ukipiga wenyewe au usipige. Vya leo husikiliza kwanza. Waya mwembamba, au nyaya mbili, hupitishwa katika mshipa mpaka ndani ya moyo. Waya huo hupeleka umeme, na pia huleta habari. Kifaa kikisikia kwamba moyo umepiga wenyewe, hunyamaza. Kikingoja na kisisikie kitu, hupiga. Madaktari huueleza mpango wa kifaa kwa herufi tatu. Kifaa kilichopangwa kwa herufi VVI hupiga na kusikiliza chumba cha chini peke yake. Kilichopangwa kwa herufi DDD hupiga na kusikiliza vyumba vya juu na vya chini pia, na kwa hiyo chaweza kulinda ule utaratibu wa juu kwanza, chini baadaye.

Mambo matatu ya kupangwa

Yako mambo mengi yanayopangwa katika kifaa hiki, lakini matatu ndiyo yanayogusa zaidi usukumaji wa damu.

La kwanza ni mwendo. Mwendo ukiwa mdogo mno, damu haitoshi na mgonjwa huona kizunguzungu. Ukiwa mkubwa mno, moyo haupati nafasi ya kujaa. Mapigo 60 kwa dakika huupa moyo sekunde nzima kwa kila pigo. Mapigo 120 huupa nusu sekunde, na sehemu kubwa ya muda unaopotea ni ule wa kujaa. Ndoo iliyochotwa upesi kabla haijazama hutoka na maji kidogo, hata kama mchotaji ana mkono mwepesi. Kwa sababu hiyo vifaa vingi hupangiwa mwendo wa chini, ambao ni wa mapumziko, na mwendo wa juu usiovukwa; na baadhi huweza kuhisi kwamba mwenye kifaa anatembea au anapanda mlima, vikauongeza mwendo kwa kadiri ya haja.

La pili ni muda wa kungoja kati ya vyumba vya juu na vya chini. Ukipangwa kuwa mfupi mno, vyumba vya chini hufunga milango kabla vya juu havijamaliza kumimina, na ile sehemu ya tano ya damu hupotea. Ukipangwa kuwa mrefu mno, vyumba vya juu hujikamua mapema mno, na damu yaweza kurudi nyuma wakati milango ingali wazi. Kwa mwenye kifaa cha chumba cha chini pekee hali yaweza kuwa mbaya zaidi: vyumba vya juu hujikamua ilhali milango imefungwa, damu ikarudi katika mishipa ya shingo. Mgonjwa huona shingo ikimdunda, huchoka na kuona giza, hata kama kipimo cha mapigo kinaonyesha kwamba yote ni sawa.

La tatu ndilo lililomfika Mwalimu wetu, nalo ni hili: ni mapigo mangapi ya chumba cha chini yapigwe na kifaa, na mangapi yaachiwe moyo wenyewe? Waya wa chini, kwa desturi ya miaka mingi, huwekwa katika chumba cha chini cha kulia, aghalabu kwenye ncha yake. Umeme unaotoka hapo haupiti katika ile barabara kuu ya asili. Hupenya polepole katika misuli, kama mtu akatizaye shambani badala ya kufuata njia. Upande wa kulia hujikamua kwanza, wa kushoto baadaye. Juya linakwenda upande. Pigo moja la namna hiyo halina madhara, wala elfu moja. Lakini tumekwisha sema kwamba moyo hupiga zaidi ya mara 100,000 kwa siku, na wahenga walinena kwamba papo kwa papo kamba hukata jiwe. Kwa baadhi ya watu, baada ya miezi au miaka, chumba cha kushoto hupanuka na nguvu zake hupungua.

Ushahidi wa tafiti

Jambo hili si dhana tu. Mwaka 2002 yalichapishwa nchini Marekani matokeo ya utafiti uitwao DAVID. Wagonjwa 506 wenye mioyo dhaifu, ambao wote walikuwa na vifaa vya kuushtua moyo ukienda mrama, vyenye uwezo pia wa kufanya kazi ya betri ya moyo, waligawanywa kwa kura katika mafungu mawili. Hapakuwa na aliyehitaji kupigiwa mapigo. Katika fungu la kwanza kifaa kilipangwa kikae kimya isipokuwa moyo ushuke chini ya mapigo 40. Katika fungu la pili kilipangwa kipige vyumba vya juu na vya chini kwa mapigo 70. Tofauti ilikuwa katika mpango tu. Ulipotimia mwaka mmoja, waliokufa au kulazwa kwa mara ya kwanza kwa sababu ya moyo kushindwa kusukuma damu walikuwa takriban 16 katika kila 100 wa fungu la kwanza, na karibu 27 katika kila 100 wa fungu la pili. Waliotazamiwa kunufaika na msaada mkubwa zaidi ndio walioumia zaidi.

Mwaka uliofuata ulitolewa uchambuzi wa utafiti mwingine wa huko huko, uitwao MOST, uliohusu wagonjwa ambao kituo chao cha kwanza cha umeme kilikuwa kimelegea, kama cha Mwalimu. Miongoni mwa wale waliokuwa na vifaa vya vyumba viwili, wale ambao kifaa kilipiga chumba cha chini kwa zaidi ya asilimia 40 ya mapigo walikuwa na hatari ya kulazwa kwa moyo kushindwa takriban mara mbili na nusu ya wenzao. Kutokana na hayo wahandisi walibuni mipango inayokifanya kifaa kiungoje moyo kwa subira zaidi. Utafiti wa wagonjwa 1,065 uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba mipango hiyo hupunguza mapigo ya chumba cha chini yanayopigwa na kifaa kutoka asilimia 99 hadi asilimia 9 hivi, na ile hitilafu ya vyumba vya juu kutetemeka ovyo kwa muda mrefu nayo hupungua kwa asilimia 40.

Hata hivyo, msomaji asije akashika nusu ya maneno haya akaiacha nusu. Wako wagonjwa ambao njia ya umeme kati ya juu na chini imekatika kabisa. Hao kifaa hakina budi kuwapigia kila pigo, na bila ya kifaa wangeweza kufa. Wengi wao huishi miaka mingi bila moyo kudhoofika. Wanaodhoofika ni wachache, nao wanaweza kusaidiwa wakigunduliwa mapema.

Aidha, wako wagonjwa ambao kwao kanuni hugeuka kabisa. Hao ni wale ambao moyo wao ulikwisha kuvuta upande tangu awali, kwa sababu njia ya umeme ya upande wa kushoto imeharibika. Kwao huwekwa waya wa ziada, ili kulia na kushoto vipigwe kwa pamoja na juya linyooke. Katika utafiti uitwao CARE-HF, uliochapishwa mwaka 2005 na kuhusisha wagonjwa 813 wa nchi za Ulaya, waliotibiwa kwa dawa peke yake walikufa 30 katika kila 100, na waliowekewa kifaa cha namna hiyo juu ya dawa walikufa 20 katika kila 100. Kwa wagonjwa hawa daktari hutaka kifaa kipige karibu mapigo yote, zaidi ya asilimia 98, na kila pigo linaloponyoka ni hasara. Hivyo basi tarakimu ile ile, asilimia 98, ni habari njema kwa mgonjwa mmoja na ni hatari kwa jirani yake. Ndiyo maana hapana mpango mmoja unaofaa watu wote, na ndiyo maana mgonjwa hapaswi kumwiga mwenzake.

Haifai pia kudhani kwamba kila mgonjwa lazima apimwe milisekunde moja moja kwa mitambo ya gharama. Utafiti wa mwaka 2010 uliohusu wagonjwa 980 wenye vifaa vya kupiga pande zote mbili ulionyesha kwamba, kwa jumla, kuutafuta muda wa kungoja kwa hesabu nyingi hakukuwashinda wale waliopangiwa milisekunde 120 tu. Lenye maana ni kwamba mtu mwenye ujuzi amwangalie mgonjwa, asome kumbukumbu za kifaa, na aubadili mpango pale unapomdhuru.

Yaliyompata Mwalimu

Mwalimu wetu alikubali tuyaeleze yaliyompata, mradi jina lake tusilitaje. Kwa miaka miwili hakuwa amerudi hospitali kukaguliwa. Hakuambiwa kwa maneno ya kueleweka kwamba arudi, naye alijiona mzima. Na safari ni nauli, malazi, na mtu wa kumsindikiza. Aliporudi, kijana wa ukaguzi alimwamkia, akamwekea juu ya kifua kitu kama kipaza sauti kikubwa kilichounganishwa na mashine, akasoma. Hakukuwa na kisu wala sindano. Kumbukumbu zikaonyesha kwamba kifaa kilikuwa kikipiga chumba cha chini karibu kila pigo, ilhali njia ya umeme ya Mwalimu ilikuwa nzima, ila tu ilikwenda taratibu kidogo kutokana na umri. Muda wa kungoja ulikuwa mfupi mno kwa moyo wake: kabla umeme wake haujafika chini, kifaa kilikuwa kimekwisha mtangulia.

Kijana alimwita daktari, wakaurefusha muda ule, na kukiamuru kifaa kiutafute kwanza umeme wa Mwalimu mwenyewe. Kazi yote haikuchukua nusu saa. Dawa za kuondoa maji mwilini na za kuupunguzia moyo mzigo ziliongezwa, kwa maana mpango mzuri hauondoi haja ya dawa. Baada ya miezi kadhaa kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti kilionyesha kwamba chumba cha kushoto kimeanza kurudia nguvu zake. Mwaka huu alikuja tena ofisini. Alisimama katika ngazi mara moja tu.

"Kumbe moyo wangu ulikuwa unaweza," alisema. "Haukupewa nafasi."

Tunayoshauri

Kwa wenye vifaa na jamaa zao tuna maneno machache. Kwanza, rudini kukaguliwa: baada ya wiki chache za mwanzo, na baadaye angalau mara moja au mbili kwa mwaka kama mlivyoelekezwa, hata kama hamsikii ubaya wowote. Pili, itunzeni kadi ya kifaa kama mnavyotunza cheti cha kuzaliwa, maana kila kampuni ina mashine yake ya kusomea, na mashine ya kampuni moja haisomi kifaa cha kampuni nyingine; bila kadi fundi hupoteza muda akibahatisha. Tatu, pumzi zikifupika, miguu ikivimba, shingo ikidunda, au kizunguzungu kikirudi, msiseme ni uzee. Semeni kwa daktari, na muulizeni bila kuona haya: kifaa kinapiga mapigo mangapi katika kila mia, na je, ndivyo inavyotakiwa kwa moyo huu?

Kwa wakuu wa afya nako liko neno. Nchi yetu imepiga hatua ambayo hatuna budi kuishukuru. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 jijini Dar es Salaam, huwawekea wagonjwa vifaa hivi hapa hapa nchini. Lakini wagonjwa hutoka mikoa yote, na baada ya kuwekewa hurudi makwao, mamia ya kilomita kutoka kwa mtu awezaye kukisoma kifaa. Kazi ya kuweka hufanywa mara moja. Kazi ya kukagua huendelea mpaka betri iishe, na betri hudumu miaka saba, kumi, au hata zaidi. Tunashauri kwamba hospitali za rufaa za mikoa zipatiwe mashine za kusomea vifaa na watumishi waliofundishwa kuzitumia, hata kama ni kwa zamu ya siku moja kila mwezi. Kadhalika, kifaa kinapotolewa kwa hisani ya watu wa nje, na iulizwe mapema: mashine ya kukisoma iko wapi, na nani ataitumia wafadhili wakishaondoka? Hisani isiyokuwa na jibu la swali hilo ni nusu ya hisani.

Mwalimu alikuwa na bahati ya kurudi kabla moyo wake haujachoka kabisa. Wako wengine ambao wakati huu wanapumzika katikati ya ngazi na kujisemea kwamba ni umri. Msomaji akimjua mmoja wao, na amsomee makala haya, kisha amsaidie nauli.